Mbona saini ya nyuzi 30 inatoka hasi?

Barua za hesabu za pembe kwenye kompyuta zimekuja nyingi kwa mfululizo, nami nimeona nizijibu pamoja, maana swali la mmoja linamfungulia mwingine njia. Hesabu zote zilizo hapa zinakubali katika lahajedwali za Excel, LibreOffice Calc na Google Sheets, hata ile ya kwenye simu. Kama umenakili fomula herufi kwa herufi na bado inakataliwa, tazama koma. Kompyuta nyingine, kulingana na nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio, hutaka nukta mkato mahali pa koma ndani ya mabano.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha hisabati sekondari hapa Songea. Shule imepata kompyuta, nikawapeleka kidato cha tatu wakaione trigonometria kwenye Excel. Niliwaahidi kwamba wakiandika =SIN(30) watapata nusu. Ikatoka -0.988031624. Mwanafunzi mmoja akasema basi kitabu kimekosea. Nimwambie nini?
Mwalimu mwenzako, Songea

Marahaba, mwalimu. Mwambie kitabu hakijakosea, na Excel nayo haijakosea. Imejibu swali jingine.

SIN, COS na TAN za kwenye lahajedwali hazijui nyuzi. Zinajua radiani peke yake, ambayo ni kipimo kingine cha pembe, wala hakuna kitufe cha kuzigeuza kama kile cha DEG kwenye kikokotoo. Mlipoandika 30, zilisoma radiani 30. Radiani moja ni karibu nyuzi 57.3, hivyo radiani 30 ni nyuzi 1718.87. Zunguka duara mara nne, yaani toa nyuzi 1440, unabaki na 278.87. Hapo uko karibu kabisa na sehemu ya chini ya duara, ambako saini inakaribia -1. Kwa hiyo -0.988 ni jibu la kweli la pembe hiyo. Lichore duara ubaoni, mwite kijana huyohuyo aizungushe chaki mara nne na kitu. Akiona mwenyewe inakoishia, hatasahau.

Mnachokitaka ninyi kinaandikwa hivi:

=SIN(RADIANS(30))

Hapo 0.5 inatoka. Anayependa kuona kinachotendeka aandike =SIN(30*PI()/180), ni kitu kilekile. Kurudi kinyumenyume, kutoka uwiano kwenda pembe, ni =DEGREES(ASIN(0.5)), nayo inakupa 30. RADIANS hukaa ndani, kwenye mlango wa kuingilia. DEGREES hukaa nje, kwenye mlango wa kutokea. Wanafunzi wakilishika hilo, ASIN, ACOS na ATAN hazitawasumbua.

Watakuuliza kwa nini radiani. Swali hilo usilikwepe, ni zuri. Ndani ya kompyuta hakuna duara wala kitabu cha jedwali. Saini hukokotolewa kwa kuzidisha na kujumlisha, kwa njia za ukoo wa mfululizo huu: x, toa x³ iliyogawanywa kwa 6, ongeza x⁵ iliyogawanywa kwa 120, na kuendelea. Mfululizo huo unazaa saini pale tu x inapokuwa radiani. Wafanye kwa mkono: nyuzi 30 ni radiani 0.5236. Kipande cha pili ni 0.0239, cha tatu ni 0.0003. Toa, ongeza, wamefika 0.5000 kwa vipande vitatu tu. Nimeshuhudia darasa zima likipiga makofi kwa hesabu hiyo, na nakutakia nawe uyasikie makofi hayo.

Halafu msiviweke kabatini vitabu vya jedwali za tarakimu nne. Kwenye safu A waandike 0 hadi 90, kwenye B2 =ROUND(SIN(RADIANS(A2)),4), waburute hadi chini, kisha kila mmoja afungue kitabu na kulinganisha. Nyuzi 37 lazima isome 0.6018 kote kuwili. Wakifika kwenye dakika, wengi wataandika 37.24 wakimaanisha nyuzi 37 na dakika 24. Kitabu kinasema 0.6074, kompyuta itasema 0.6052. Dakika 24 ni sehemu 24 za 60, si za 100; waandike =SIN(RADIANS(37+24/60)). Tofauti hiyo ya tarakimu ya tatu ndiyo inayompotezea mtu alama, na kazini ndiyo inayopotosha mpaka wa shamba.

Mama, habari za kazi. Mimi ni fundi wa mapaa, Morogoro. Kijana wangu amenionyesha Google Sheets kwenye simu. Nina nyumba upana mita 8, mwenye nyumba anataka paa la nyuzi 22, upenu sentimita 60. Nataka kujua kenchi inapanda juu kiasi gani na mbao ya mtelemko iwe ndefu kiasi gani, kabla sijaenda kununua mbao. Nimezoea kupima nikiwa juu ya ukuta.
Fundi, Morogoro

Nzuri, fundi. Umefanya vema kuuliza kabla ya kununua.

Gawa upana kwa mbili, una mita 4 kutoka ukutani hadi katikati. Kimo cha kenchi ni =4*TAN(RADIANS(22)), yaani mita 1.616. Kwa mbao ya mtelemko, upenu unaingia humohumo, kwa sababu sentimita 60 zako zinapimwa kwa mlalo: 4 na 0.6 ni 4.6. Basi =4.6/COS(RADIANS(22)) inatoa mita 4.961. Angalia kwamba hapa tunagawa kwa COS. Ukizidisha utapata mbao fupi kuliko upana wenyewe wa kwenda, na hilo haliwezekani. Mbao iliyolala kwa mtelemko haiwezi kuwa fupi kuliko kivuli chake cha chini.

Sasa ipeleke kwenye futi, kwani dukani utauziwa kwa futi: =4.961/0.3048 ni futi 16.28, sawa na futi 16 na inchi tatu na ushei. Yaani ukinunua mbao za futi 16 utapungukiwa kwa inchi tatu kila mbao, bado hujahesabu ya kukata kule juu kwenye kofia. Unaweza kuunga, lakini kuna njia ya kumweleza mwenye nyumba pale pale. Futi 16 ni mita 4.877. Rudisha: =4.877*COS(RADIANS(22))-4 inatoa 0.52. Upenu ukiwa sentimita 50 badala ya 60, mbao ya futi 16 inatosha bila kiungo na inabaki kidogo ya kukatia. Akiutaka wa 60 kwa sababu ya mvua inayopiga ukuta, ana haki yake, ila atajua analipia nini.

Kwa paa lililokwisha kuezekwa na unataka kujua nyuzi zake, pima kimo na nusu ya upana. Kimo kikiwa mita 1.5 juu ya mita 4, =DEGREES(ATAN(1.5/4)) inatoa nyuzi 20.6. Weka upana kwenye A2, nyuzi B2, upenu C2, na fomula mbele yake zikisoma seli hizo: =A2/2*TAN(RADIANS(B2)) kwa kimo, =(A2/2+C2)/COS(RADIANS(B2)) kwa mbao. Kila nyumba mpya ubadilishe namba tatu tu. Kabla hujaiamini, weka nyuzi 45: kimo lazima kiwe sawasawa na nusu ya upana. Kisipokuwa, RADIANS imesahaulika mahali.

Assalamu alaikum Bi Mwalimu. Nakuandikia kutoka Muscat, kwetu asili Unguja. Mpwa wangu ametutengenezea jedwali la kibla kwa miji tunakoishi ndugu wote. Dar es Salaam imetoa nyuzi 1.1, Mombasa 0.3, Kigoma 20.5, Bujumbura 22. Zote ni kutoka kaskazini kwenda mashariki na wenyeji wamezikubali. Lakini Muscat imetoa 86, yaani tunakoelekea ni jua linakotoka! Msikiti wetu unaelekea linakotua. Mpwa amekagua latitudo na longitudo, ziko sawa. Kosa liko wapi?
Msomaji, Muscat

Waalaikumu salaam warahmatullah. Barua yako nimeisoma kwa furaha kubwa, maana hesabu hii ni ya heshima. Wanazuoni wa Kiislamu waliishughulikia karne kwa karne. Al-Khalili, aliyekuwa mtunza nyakati za sala katika Msikiti wa Umayya mjini Damascus karne ya 14, alikokotoa jedwali la kibla lenye majibu karibu 3,000 kwa mkono. Mpwa wako ameingia kwenye kazi yenye wazee wake.

Na amekaribia sana. Nakisia ametumia ATAN, na hapo ndipo penye tatizo. Tuiandike kazi yote wazi. Latitudo ya Al-Kaaba, 21.4225, ikae H1, na longitudo yake, 39.8262, ikae H2. Mji uwe A2, latitudo yake B2, longitudo C2. Kisha:

D2: =COS(RADIANS(B2))*TAN(RADIANS($H$1))-SIN(RADIANS(B2))*COS(RADIANS($H$2-C2))

E2: =SIN(RADIANS($H$2-C2))

D ni upande wa kaskazini, E ni upande wa mashariki. Tanjenti ya kibla ni E gawa kwa D. Kwa Kigoma vyote viwili ni chanya, hivyo ATAN inatoa jibu zuri. Muscat, kwa latitudo 23.59 na longitudo 58.41, E ni -0.3187, kwa kuwa Makka iko magharibi yenu, na D ni -0.0198, kwa kuwa njia fupi ya juu ya mgongo wa dunia inaanzia kusini kidogo ya magharibi. Hasi mbili zikigawanywa zinazaa chanya. ATAN haioni tena kwamba zilikuwa hasi, inaona 16.1 tu, inajibu nyuzi 86.45, upande wa pili kabisa wa dira. Ndugu zako wote wa Afrika Mashariki walisalimika kwa sababu kwao Makka iko kaskazini. Jedwali lilijaribiwa mahali ambapo kosa haliwezi kuonekana.

Dawa ni ATAN2, ambayo hupokea pande zote mbili zikiwa bado na alama zake:

F2: =MOD(DEGREES(ATAN2(D2,E2)),360)

ATAN2 itatoa hasi 93 na nusu hivi, na MOD itaigeuza iwe nyuzi 266.45 kutoka kaskazini kufuata mwendo wa saa. Magharibi ni 270. Msikiti wenu uko sawa.

Mwambie mpwa mambo mawili zaidi. La kwanza, kama anaandika programu kwa Python au C, huko atan2 hutaka namba ya juu ya mgawanyo kwanza, yaani E halafu D. Excel, Calc na Google Sheets zinataka D kwanza. Akizichanganya, Dar es Salaam itamtokea karibu nyuzi 89, na hapo atajua mara moja.

La pili linanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu halipigi kelele. Miji ya kusini ya ikweta lazima latitudo yake iandikwe kwa hasi. Mtu akisahau alama hiyo, Dar es Salaam itasoma 2 badala ya 1, na hakuna atakayeshtuka. Lakini Kigoma itasoma 30 badala ya 20.5. Makosa ya namna hii hujificha kwenye mji ulio karibu na mstari wa Makka na kujitokeza kwa aliye mbali, tena aliye mbali huenda hana wa kumuuliza. Kwa hiyo nawaomba mnaotengeneza majedwali ya kugawia watu: jaribuni kwanza mji ulio mbali mashariki, magharibi na kaskazini ya Makka, si mtaani kwenu peke yake.

Na kuna kipimo kisichotaka kompyuta. Tarehe 27 au 28 Mei, na tena 15 au 16 Julai, jua hupita wima juu ya Al-Kaaba. Mei huwa saa 6:18 mchana kwa saa za Makka, Julai saa 6:27. Saa za Tanzania na Kenya ni hizohizo za Makka. Muscat ongeza saa moja, Bujumbura punguza saa moja. Simamisha kijiti wima mahali tambarare wakati huo, kivuli kitalala upande ulio kinyume cha kibla. Hiki kinashinda hata dira ya mkononi, kwa sababu sindano ya dira hufuata kaskazini ya sumaku, nayo haikai pamoja na kaskazini ya ramani. Pimeni kivuli Muscat, na Kigoma wapime chao, mlinganishe na safu F. Nitafurahi mkiniandikia.

Mwalimu, nimeandika =COS(RADIANS(90)) nikitarajia sufuri. Imeleta 6.12323E-17. Na TAN ya 90 imeleta namba ndefu ajabu. Kompyuta yangu ni mbovu?
Mwanafunzi, Nakuru

Ni nzima. E-17 maana yake nukta inarudi nyuma nafasi 17: ni 0.00000000000000006. π haina mwisho, na kompyuta inaikata baada ya tarakimu 15 au 16, kwa hiyo nyuzi 90 zako zimepungua kidogo mno, na kosaini imebaki na chembe. TAN ya 90 haipo kihisabati, lakini kwa kuwa kompyuta inagawa kwa chembe hiyo badala ya sufuri, inapata 1.63E+16. Kosaini iandike =ROUND(COS(RADIANS(A2)),10). TAN usiizungushe; iwekee mlinzi: =IF(MOD(A2,180)=90,"haipo",TAN(RADIANS(A2))). Na kamwe usiandike IF inayouliza kama COS fulani "ni sawa na 0" bila ROUND. Itakujibu hapana siku zote.

Mwalimu shikamoo. Nina ramani ya upimaji ya kiwanja changu Kibaha. Kila upande umeandikwa nyuzi, dakika na sekunde, na urefu kwa mita. Upande wa kwanza ni 125°30'15", mita 32.40. Nataka kuhakiki kama pande zote zinafunga. Nitaingizaje nyuzi hizo?
Mwenye kiwanja, Kibaha

Marahaba. Zigawe kwenye seli tatu: nyuzi A2, dakika B2, sekunde C2. Kwenye D2 andika =A2+B2/60+C2/3600, utapata 125.50417. Wapimaji wengine hufupisha kwa kuandika 125:30:15 katika seli moja, kana kwamba ni saa. Lahajedwali inaitunza kama sehemu ya siku, hivyo ukizidisha kwa 24 unapata nyuzi hizohizo. Njia hiyo ni ya haraka, ila badilisha muundo wa seli ya jibu uwe namba ya kawaida, la sivyo utaonyeshwa saa.

Urefu uwe E2. Mashariki ni =E2*SIN(RADIANS(D2)), kaskazini ni =E2*COS(RADIANS(D2)). Shuleni ulizoea COS kwa mlalo na SIN kwa wima kwa kuwa pembe ilianzia mashariki. Kwenye ramani ya upimaji pembe huanzia kaskazini na kwenda na mwendo wa saa, kwa hiyo zinabadilishana. Kabla ya namba zako za kweli, ingiza nyuzi 90 na mita 100: mashariki isome 100, kaskazini isome sufuri, au ile chembe ya E-15 niliyomweleza mwanafunzi wa Nakuru, maana imezidishwa kwa mia.

Upande wako wa kwanza unatoa mita 26.38 mashariki na -18.82 kaskazini, yaani 18.82 kusini. Fanya pande zote kwa mfuatano, ukizunguka kiwanja kwa mwelekeo mmoja. Upande ulioandikwa kinyume, ongeza au punguza nyuzi 180. Mwisho jumlisha safu ya mashariki kwa SUM, na ya kaskazini vivyo hivyo. Zote mbili zikaribie sufuri. Sentimita moja au mbili ni za kukadiria tarakimu. Ikitoka nusu mita, kwanza kagua kama umenakili sawa dakika na sekunde. Zikiwa sawa na pengo bado lipo, nenda na karatasi hiyo kwa mpima ardhi mwenye leseni kabla hujajenga ukuta, umwonyeshe ni upande upi unaoutilia shaka.